Bei Mbili kwenye Bango la Petroli

Harufu ya petroli asubuhi ya baridi, lami ikiwa bado imelowa mvua ya usiku, huniingia puani ikiwa tamu kama kitu cha kuliwa. Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi na mama ughaibuni, mtaa wa Small Heath, juu ya duka la vitambaa. Karibu nasi, kwenye Barabara ya Coventry, palikuwa na kituo kidogo cha mafuta ambacho mama, Mkenya wa Voi, alikiita stesheni ya petroli, na baba, mtu wa Tanga, alikiita sheli. Majira yale ya baridi mwenye kituo alipandisha bango lenye bei mbili: ya juu kwa wanaolipa kwa kadi, na ya chini, peni chache pungufu, kwa wanaolipa taslimu. Taa zake nyekundu ziliyeyuka kwenye ukungu, nami nikizitazama kutoka dirishani niliona kama tarakimu zinaelea zenyewe hewani.

Baba alikuwa hakai nasi tena. Mama alihudumia wazee majumbani mwao usiku kucha, baba aliendesha teksi mchana kutwa. Wakawa wanapishana mlangoni, salamu zikapungua, hata siku moja baba akapanga chumba mtaa wa Stechford. Hapakuwa na ugomvi wa kusimulia. Maneno yaliwaishia tu, kama maji yanavyokauka kwenye birika lililosahauliwa motoni.

Mshahara wa mama uliingia benki, na alilipia kila kitu kwa kadi. Kila alipojaza gari aliinung'unikia ile bei ya juu, maana haba na haba hujaza kibaba. Nikamsimulia baba kwenye simu, kwa Kiingereza, kama nilivyozoea kuwajibu wote wawili. Baba akanituma nimwambie mama kwamba yeye abiria humlipa taslimu. Jumamosi asubuhi tukutane sheli amlipie kwa bei ya chini, na mama atamrudishia kwa njia ya benki. Nilitegemea mama akatae. Alikubali, na siku ilipofika alibadilisha kitambaa cha kichwa mara mbili kabla hatujatoka.

Tangu hapo wiki nzima kwangu ikawa ni kuingoja Jumamosi. Baba alishika mpira wa pampu, mama akasimama upande wa pili wa gari, mikono kwenye koti, mvuke wa pumzi zao ukikutana juu ya paa. Walizungumza kuhusu breki, masomo yangu, shangazi aliyejifungua Tanga. Baba alipokwenda kulipa alirudi na chai katika vikombe vya karatasi, cha mama hakina sukari, kama apendavyo, wala hakuwa ameuliza. Mimi nilibaki nyuma ya kioo chenye ukungu, nikizisikia sauti zao kama mtu asikiaye redio akiwa nusu usingizini.

Jumamosi moja niliona, ukutani mwa duka la kituo hichohicho, mashine ya kutolea pesa. Watu walikuwa wakitoa noti na kuingia kulipa. Nikamuuliza mama kwa nini na yeye asitoe pale. Alinitazama kupitia kioo cha gari, akasema polepole, "Neema, si kila kitu cha kuuliza." Nilielewa nusu, na ile nusu ilinitosha. Nikawa naomba kila nikilala bango lile lisibadilike.

Likabadilika. Baridi ilipoanza kupungua tulikuta bei moja tu, kwa watu wote. Baba alikuwa amekwisha kufika, amesimama chini ya bango katika koti lake zuri. Mama alishuka, akajaza mafuta mwenyewe, akaingia kulipa kwa kadi. Alipotoka, baba alimsogelea.

"Bei zimekuwa moja, Mama Neema," baba akasema.

"Nimeona."

Baba akaitikia kwa kichwa, akatoa funguo mfukoni. Ndipo mama, amempa kisogo na mkono uko kwenye mlango wa gari, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tairi la nyuma linapungua upepo. Jumamosi ijayo uje uliangalie. Uje nyumbani."

Mashine ya upepo ilikuwa palepale, pembeni ya pampu. Hakuna aliyeitazama.

Baba alikuja. Akaja na Jumamosi ya pili, kisha katikati ya wiki, na kabla ya kiangazi kwisha viatu vyake vilikuwa mlangoni petu. Leo wamestaafu, wanaishi Stechford karibu na stesheni ya treni, wakibishania joto la nyumba, huyu akiongeza, yule akipunguza.

Mimi siku hizi hulipia petroli kwa kugusisha kadi kwenye pampu, nikaondoka bila kusema na mtu. Simu zetu hutuambia, mimi na mume wangu, kila mmoja yuko wapi. Tukikosana tunaandikiana aya ndefu za kueleza kila hisia, kisha kila mtu analala na ukimya wake. Wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Wiki iliyopita, tulipokuwa hatujazungumza kwa siku mbili, nilisimama chini ya ngazi nikamwita, nikamwambia mlango wa kabati la jikoni umelegea, aje autazame. Alishuka. Mlango haukuwa na kasoro yoyote. Aliufungua, akaufunga, akaufungua tena, kisha akaniuliza kama nimeshakunywa chai.