Kitabu Kilichofukizwa

Kila nikifungua kitabu hiki kwa ajili ya somo langu la chuo, harufu ya ubani hunipanda puani, nami narudi Mtongwe, barazani kwa shangazi.

Ni hadithi za kutisha, za majini na maiti. Mwandishi wake wengine walimsifu, wengine wakamlaani kwa kuwadhihaki mashehe na mapadri. Nilipokuwa mtoto, mama aliponikuta nacho alisema kichomwe. Shangazi akakichukua, akawasha makaa kwenye chetezo. Nikaanza kulia.

"Sikichomi, mwanangu. Nakifukiza. Kama mna jini humu, litoke kwanza."

Alikipitisha juu ya moshi polepole, kisha akanikalisha mkekani. "Haya, soma kwa sauti. Nikisikia baya nitakukataza."

Nikasoma. Mtu aliyezikwa asubuhi akaja jioni kugonga mlango wa mkewe. Shangazi akavuta leso hadi machoni.

"Shangazi, niache?"

"Ngoja." Akatupia ubani mwingine kwenye makaa, akaurudisha ukurasa ule moshini hadi ukageuka rangi ya chai. Kisha akanipa. "Haya. Mke akafungua?"

Hatukuruka hata hadithi moja, na kadiri hadithi ilivyomtisha ndivyo kurasa zake zilivyozidi kufukizwa. Mama alipopita kutuuliza tunafanya nini, shangazi alijibu bila kucheka, "Tunakisafisha."

Sasa wenzangu chuoni wanabishana ni hadithi gani ya mwandishi yule inayotisha kuliko zote. Mimi nakinusa changu, ukurasa kwa ukurasa, na jibu ninalo.