Muziki wa Mawinguni kwa Karakana ya Majeneza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa dawa ya kunguni. Kituo chetu kidogo cha redio kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro huko Kayole. Meneja wa Matangazo, mama aliyewahi kuwa mwalimu mkuu na ambaye hakuwa ameuacha ualimu, alinipa karatasi yenye maneno ya tangazo akaniambia niyatafutie bedi kabla ya saa sita. Bedi ndiyo jina tulilouita ule muziki unaopigwa chini chini wakati msomaji anasema. Nilijibu ndiyo mama, kama mtu anayejua anachofanya.

Siku hizi vijana wanabofya tu, na muziki unakuja wenyewe. Sisi tulikuwa na kaseti chache zilizochoka, kwa hiyo bedi nyingi nilizipiga mwenyewe kwa kinanda, nyuma ya mlango uliofunikwa blanketi ili kelele za barabarani zisiingie. Kisha unafifisha, yaani unauteremsha muziki polepole msomaji anapoanza na kuupandisha akimaliza. Ukiuteremsha kwa pupa msikilizaji anashtuka. Ukichelewa, msomaji anazama na hakuna anayejua kinachouzwa ni nini.

Kufifisha nilikuwa hodari. Shida ilikuwa kwamba muziki wote niliokuwa nao kichwani ulitoka mahali pamoja. Nilipokuwa mtoto, Jumamosi walikuwa wakitundika shuka jeupe katika jumba la mtaa wetu na kutuonyesha filamu za katuni. Tulikaa sakafuni magoti yakigusana. Kulikuwa na moja ya mbweha mwenye mabawa aliyembeba msichana mgongoni, wakavuka mawingu ya rangi ya waridi mpaka kwenye mji uliojengwa kando ya mwezi. Maneno yao sikuyaelewa hata moja. Filimbi na vinubi ndivyo vilivyonieleza kila kitu. Mpaka leo nikifumba macho nauona mji ule, ngazi zake na taa zake ndogo, na nautamani kwa uchungu, kama mtu anavyotamani kwao. Wenzangu wengi waliisahau filamu ile kabla ya kufika nyumbani.

Basi kunguni wakapigiwa filimbi na vinubi. Tangazo lilipendeza mno. Wiki hiyo hiyo mwenye dawa alizipanda ngazi zetu akihema, akalalamika kwamba watoto wa mtaa wa Kware wanawalilia wazazi wao wasiwaue kunguni. Kwa muziki ule, watoto walikuwa wameamua kwamba kunguni ndio watu wema wa hadithi. Msomaji wetu alicheka mpaka akatoka nje, lakini Meneja hakucheka. Nikaendelea hivyo hivyo na sabuni, unga wa ugali na chakula cha kuku, vyote nikavirusha mawinguni, mpaka akaniita ofisini akaniambia kwamba tangazo moja zaidi la namna ile nitafute kazi kwingine. Nilikuwa na watoto wanaosoma. Nikaanza kuweka ngoma na gitaa kama watu wengine, na kazi ikawa kazi tu.

Ndipo akaja Mutua, seremala kutoka Ukambani. Zamani alikuwa akichonga twiga na vifaru wa kuwauzia watalii, baadaye akageukia majeneza na kufungua karakana nyuma ya soko. Nilimfahamu kwa sura tu. Sisi Waislamu tunazika kwa sanda, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuingia kwake, na ninakiri kwamba nilipopita pale niliongeza mwendo. Kila mtu aliongeza mwendo. Mama wa chai alikiacha kikombe cha Mutua juu ya jiwe nje ya lango, akaita jina lake na kuondoka. Watu waliogopa hata kumpa mkono, wasije wakajipimisha jeneza.

Nilimuuliza anataka tangazo liwavute wateja wa aina gani.

"Wateja sitafuti," alisema. "Hao watakuja tu, wapende wasipende. Mimi nataka watu wanisalimie."

Tuliandika maneno yake mafupi: karakana ya Mutua nyuma ya soko, mbao kavu, kazi safi, ukipita salimia. Nikakaa mbele ya kinanda nikijaribu nyimbo za huzuni zinazofaa msiba, na kila nikipiga nilimwona akikifuata kikombe chake kwenye jiwe. Nilijua vizuri ninachokihatarisha, na niliogopa. Hata hivyo vidole vilikwenda vyenyewe kwa mbweha na msichana wake, na nikaufifisha ule muziki taratibu kuliko nilivyowahi kufifisha kitu chochote.

Lilirushwa mara mbili. Simu zililia, mzee mmoja wa kanisa akaja mwenyewe kuuliza kama tumerukwa na akili, na Meneja akalitoa hewani.

"Athumani," akaniambia, "hili ni jeneza. Si sinema."

Hakunifukuza. Alinihamishia kwenye matangazo ya mitaa inayokatiwa maji, yasiyo na muziki kabisa, na huko ndiko nilikobaki mpaka nilipostaafu. Ila mchana ule kulikuwa na jambo gumu zaidi, la kwenda kumwambia Mutua kwamba tangazo lake limekufa.

Nilimkuta akipiga randa, maranda yakimfunika viatu. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, watoto wa shule wakasimama langoni wakisukumana.

"Guka, si ni wewe ule wa kwa redio?" mmoja akauliza, akimwita babu kwa Kikuyu. Kisha wote kwa pamoja: "Niaje, guka!"

Mutua aliiweka randa chini. Aliwatazama, akanigeukia mimi, na akaninong'oneza kwa hofu ya kweli.

"Wakisema hivyo, mtu anajibu nini?"

"Sema poa," nikamwambia.

"Poa," Mutua akawaambia, kwa sauti ya mtu anayeapa mahakamani.

Vijana wa studio huja nyumbani kuniuliza bedi huchaguliwa vipi, na huwaambia kwamba sheria zote alizonifunza Meneja ni za kweli na wazishike. Mimi mwenyewe sikupandishwa cheo hata siku moja, na sijutii. Jioni hutembea hadi nyuma ya soko na kukaa kwenye benchi la Mutua, karibu na mama wa chai. Mutua sasa ni mzee wa kunung'unika. Analalamika kwamba tangu asubuhi watu hawamwachi afanye kazi, kila anayepita lazima asimame, amsalimie, aulize habari za mgongo wake. Anasema kwa salamu hizi majeneza yatachelewa, na wanaotaka kufa watalazimika kungoja.