Landry Amefaulu

Madamu Mathilde alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na pale mtaani Ngagara Wakongomani wenye ndugu Amerika humletea simu awasomee ujumbe. Siku hizi salamu za furaha watoto wanazisoma wenyewe. Zinazomfikia ni zile zilizowashinda, na nyingi huwa nzito. Amezichoka. Kuna siku akisikia hodi hunyamaza kwanza, akitumaini mgeni ataondoka.

Asubuhi ile aliyebisha ni Mugisho, muuza viatu wa mtaa wa Gasenyi, na hakuondoka. Alikuwa na shati la kanisani na uso wa sherehe. Mdogo wake Landry, aliyepelekwa Amerika na mpango wa wakimbizi, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuendesha gari. Sasa mchungaji wa kule ameandika, na Esperance, binti yake Mugisho, ameusoma ujumbe: Landry alifaulu Jumapili kwa utulivu, na sasa amekwenda nyumbani. Mama yao amekwisha kuwaambia majirani. Mugisho alitaka tu kujua ndege inafika lini.

Mathilde akavaa miwani, akasoma, akarudia. Mtoto hakubahatisha. Neno lile "passed", ambalo shuleni ni kufaulu, ndilo watu wa kule hulisema kwa adabu mtu akifa. Na nyumbani alikotaja mchungaji ni mbinguni.

Akamwomba Mugisho akae.

"Landry ametutoka," alisema.

"Ndiyo, Madamu, ametoka kule. Anafika siku gani?"

"Ametangulia, Mugisho."

"Ametangulia Nairobi?"

Mathilde akaona kwamba naye anafanya yale yale ya mchungaji. Akavua miwani, akamshika mkono.

"Amekufa. Landry amekufa, mutoto wangu."

Mugisho hakulia. Aliichukua simu akayakodolea macho maandishi asiyoweza kuyasoma, muda mrefu, kisha akairudisha mezani taratibu kama kitu cha mtu mwingine.

"Mama anangoja," alisema. "Mi siwezi kumwambia."

Miguu ilikuwa inamuuma Mathilde tangu alfajiri, lakini alijifunga kitenge wakaenda pamoja. Gasenyi walikuta viti vimepangwa uani. Safari hii hakuzunguka: alipiga magoti mbele ya yule mama akalitaja neno lenyewe, kisha akamshikilia mpaka sauti ilipomkauka.

Esperance alikuwa amejibana ukutani. Aliuliza kwa sauti ndogo kama ni yeye aliyekosea.

"Apana," Mathilde alimwambia. "Umesoma vizuri. Ni maneno yao yanajificha."

Hata hivyo mtoto alilia.

Mchana salamu za pole zikaanza kuingia, zote kwa Kiingereza. Mmoja aliandika wamempoteza Landry, mwingine kwamba amepumzika. Mugisho akampa Mathilde simu. Mathilde akaketi mkekani kati ya wanawake, akanyoosha miguu, akaanza kuwasomea, moja baada ya nyingine.