Mashine Iliyosubiri Marahaba

Shangazi yangu hapokei habari kutoka kwa mtu ambaye hajamsalimu. Alifundisha darasa la kwanza hapa Songea mpaka akastaafu, na hata waendesha bodaboda wenye ndevu hupunguza mwendo wakimwona barazani kwake Lizaboni: "Shikamoo mwalimu!" Asiyesalimia hujibiwa kwa kimya. Kwa umri wake yeye ni wa kupokea tu. Sikuwahi kumsikia akimwamkia mtu. Kwa hiyo macho yake yalipofifia, nikaamua kumtengenezea programu ya kumsomea maandishi kwa sauti, nilijua pa kuanzia. Kompyuta inasema, "Shikamoo mwalimu," kisha inangoja. Shangazi anaitikia marahaba yake na kubonyeza kile kitufe kirefu cha chini, ndipo inaanza kusoma. Asipoitikia, haisomi hata herufi.

Programu hiyo niliiingiza katika mkusanyiko mmoja mkubwa wa programu huria, unaotunzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Sifa ya mkusanyiko huo ni utulivu. Toleo lake likishatoka halichezewi, na kompyuta kuukuu kama ya shangazi huamka leo vilevile ilivyoamka jana. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mashine inayobadilika bila kuniuliza hunitoa povu, kwa hiyo utulivu huo naupenda kuliko nilivyo tayari kukiri mbele ya watu.

Lakini hakuna utulivu wa milele. Iliamuliwa kwamba toleo thabiti linalofuata litatoka pamoja na toleo jipya la lugha ya kompyuta ambayo wengi wetu tuliandikia programu zetu. Kila programu ilibidi ijengwe upya na kujaribiwa kwa lugha hiyo mpya, kazi inayofanywa na mashine zisizo na mtu karibu huko ziliko. Itakayoshindwa mpaka mlango unafungwa, inaondolewa. Yangu ikashindwa. Wala haikuanguka kwa kishindo. Ilisimama tu, kimya, mpaka mashine ya majaribio ikachoka na kuikatiza.

Msimamizi wa zoezi hilo, mtu wa kujitolea wa ng'ambo ambaye sikumjua hata sura, aliniandikia kwa upole. Programu yako, alisema, inasubiri kitu kinachoitwa marahaba. Ni kitu gani hicho, na ni nani anayetakiwa kukileta?

Nilicheka mpaka jirani yangu mwenye duka akaja kuchungulia kama niko salama. Lugha ya zamani ilikuwa mnafiki mzuri: ikikuta hakuna mtu kwenye kibodi, ilijifanya imeitikiwa na kuendelea na safari. Hii mpya haijui unafiki. Imesalimia, haijaitikiwa, basi imesimama pale pale na adabu zake.

Njia ya mkato ilikuwa kuiondoa salamu. Nikaenda kuijaribu kwa shangazi. Kompyuta ikaanza moja kwa moja kumsomea masomo ya Jumapili, naye akainuka, akapapasa ukuta, akaenda jikoni kukoroga togwa yake.

"Shangazi, mbona husikilizi?"

"Nimsikilize nani? Mimi sijasikia mtu akinisalimia."

Nikamweleza ukweli. Salamu ikibaki, programu itatupwa, na siku kompyuta yake ikifa, mpya haitakuwa na wa kumsomea. Aliacha kukoroga. Kusoma ndiko kulikombakia, na wote wawili tulilijua hilo.

"Huko wanakojaribu, hakuna hata mmoja wa kuitikia?"

"Hakuna watu, shangazi. Ni mashine tupu."

"Basi wape wa kuitikia. Mtoto akisalimia kwenye nyumba isiyo na watu, utamchapa mtoto?"

Nilimwandikia msimamizi maneno hayo kama yalivyo. Akayapenda. Tukashirikiana kuandika kijiprogramu cha kukaa kando wakati wa majaribio, ambacho kazi yake hapa duniani ni kuitikia tu. Mara ya kwanza kiliitikia kabla ya kusalimiwa, kama mkubwa mwenye haraka ya kuheshimiwa. Tukakifunza subira. Tulipojaribu tena, mashine za mbali zikasalimiwa, zikaitikia, na programu yangu ikapita. Ikaingia katika toleo thabiti na salamu yake nzima nzima! Nilirusha mikono juu, nikadandia bodaboda mpaka Lizaboni, nikampigia msimamizi simu ya video ili shangazi amshukuru mwenyewe.

Kwenye kioo akatokea mzee mwenye nywele nyeupe, nyuma yake maua kwenye dirisha. Shangazi hakuanza na shukrani.

"Muulize ana umri gani."

"Shangazi, kwa wenzetu hilo haliulizwi."

"Nitajuaje sasa nani amwamkie nani? Muulize."

Nikauliza, uso ukiniwaka moto. Mzee akacheka, akautaja mwaka wake wa kuzaliwa bila kinyongo. Alikuwa mkubwa kwa shangazi, tena si kwa mwaka mmoja.

Shangazi akainamisha kichwa, nami nikadhani nimeharibu. Kumbe alikuwa anatafuta kitu alichokuwa amekiweka mbali. Kaka zake wamelala, dada zake wamelala, walimu waliomfundisha ndio usiseme. Kwa miaka mingi hakuwa amebakiwa na mtu wa kumwamkia. Akaufunga vizuri mtandio wake, akapiga goti kidogo kuielekea sauti ya simu.

"Shikamoo," akasema, kwa sauti ya msichana mdogo ambayo sijapata kuisikia kwake.

Nikafungua mdomo nimtafsirie mzee, lakini hakuwa na haja nami.

"Marahaba," akaitikia.