Mpira Uliochomoka Mgongoni

Dorthe aliacha shule darasa la saba akaingia kiwanda cha samaki, na miaka thelathini na miwili ya kupasua chewa haikumfundisha kusoma karatasi za hospitali. Lakini alimfahamu vilivyo mumewe Ejvind, mvuvi. Pwani ile ya magharibi ya Denmark, mvuvi akisema "si vibaya sana," mwite kasisi.

Kabla hawajamkata kipande cha pafu lenye saratani, daktari wa usingizi aliwaeleza wote wawili. Atamlaza Ejvind usingizi, kisha atamwachia mpira mwembamba mgongoni, wa kupitishia dawa ya ganzi. "Bila ganzi hatakohoa kwa maumivu. Asipokohoa, makohozi yatamwozea kifuani."

Siku ya pili baada ya upasuaji Dorthe alimgeuza, akakuta shati limelowa mgongoni. Akamwita muuguzi, Signe.

"Ejvind, maumivu ni mangapi? Sifuri mpaka kumi."

"Labda mawili," alisema Ejvind, meno ameyauma.

"Mwongo huyo," Dorthe alisema. "Winchi ya kuvutia nyavu ilimkata kidole, akasema kinamwasha."

"Kiliwasha kweli," alisema Ejvind.

"Mfunue mgongo, Signe. Dawa inamwagika."

"Ni jasho, Dorthe. Na tunamwuliza mgonjwa, si mkewe." Akaandika mbili, akaenda zake.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa akifichiwa na wodi nzima. Dorthe alimkumbatisha mto kifuani. "Kohoa, mzee wangu. Mara moja tu."

"Kesho. Acha kusumbua watu, wana kazi."

Dorthe alikwenda kwenye meza ya wauguzi mara tatu. Mara ya tatu walimpa kahawa.

Kulipokucha Ejvind alikuwa na homa, midomo imegeuka buluu, anatweta kama samaki aliyetupwa sitahani. Daktari wa usingizi alikuja mbio, akabandua plasta. Mpira ulikuwa nje kabisa, umelala juu ya ngozi.

"Umetoka tangu lini?"

Signe alitazama karatasi. "Amekuwa akisema mawili."

"Mimi nilisema jana," Dorthe alisema.

Hakuna aliyemgeukia. Nimonia ilikuwa imeshajaa kifuani. Ilibidi Ejvind alazwe usingizi tena, mashine impumulie.

"Ataamka lini?" Dorthe aliuliza.

"Tutaona," daktari alisema.

Ejvind aliushika mkono wa mkewe. "Usigombane nao, Dorthe."

Dawa ikaingia mshipani, vidole vyake vikalegea. Signe alimwomba Dorthe asubiri nje. Dorthe hakutoka.