Mdogo Wangu Alivyobisha Hodi Peke Yake

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko darasa la tatu, na mwaka huo baba alikufa kwa homa ya siku nne. Tulikuwa Mbozi, kwenye kahawa. Mama alibaki na watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa miaka sita. Msiba ulipokwisha baba mkubwa akaja, akakaa, akasema mmoja atasoma na mmoja atafanya kazi. Hakutaja nani. Asubuhi yake nilimpa mdogo wangu madaftari yangu mawili, yalikuwa bado na kurasa, nikaenda kuchuma kahawa za watu.

Nilifika Tunduma nikiwa na miaka kumi na saba. Haikuwa Tunduma hii ya malori kupanga foleni siku mbili mpaka dereva anaota ndevu. Nilisukuma baiskeli. Nilikuwa navuka kwenda upande wa Zambia, nawasalimia "mulishani" kama nimezaliwa huko, narudi na sabuni na mafuta ya kula. Miaka kumi na minne nimesukuma, na goti la kushoto mpaka leo linanikumbusha. Kwa baiskeli ile mdogo wangu alivaa sare, akamaliza shule, akaenda chuo, akawa mwalimu. Najivuna, ndiyo. Nani mwingine atajivuna kwa niaba yangu?

Serikali ilimpeleka Ileje. Akafundisha huko zaidi ya miaka thelathini, akaoa huko Itumba. Alipostaafu akasema anataka kuzeekea karibu na kaka yake. Nikamkatia kiwanja nyuma ya vyumba vyangu vya kupangisha, akajenga. Jioni tulikuwa tunakunywa chai pamoja kwenye baraza langu, wake zetu wakitusema kwamba tunacheka kama vichaa. Ilikuwa raha, sitaficha.

Sasa nieleze mambo ya mtaa wetu. Watu wamekuwa wengi mpaka mtaa ukakatwa, na kipande chetu kikawa mtaa mpya. Waliomo ni wapangaji watupu. Kuna madereva, kuna wabadilisha fedha, kuna vijana wa Mbeya, kuna wafugaji waliouza ng'ombe huko bondeni Momba wakaja kufungua duka. Mwezi huu unamsalimia mtu chumba namba tano, mwezi ujao humo kuna mtu mwingine na kitanda kingine. Ikaja siku ya kuchagua mwenyekiti wa mtaa, na hakuna aliyekuwa anamjua vizuri mgombea yeyote.

Wasomi husema watu wanachagua sera. Sijui huko kwao. Mwenyekiti wa mtaa ana sera gani? Ana muhuri. Anakuandikia barua ya utambulisho, anaamua ugomvi wa maji machafu. Huku kwetu nimeona mtu anachagua chama cha baba yake, basi. Mwingine anatazama jina. Likianza na "Si", anajua huyo ni mtu wa huku, ana kwao, hawezi kutoroka na muhuri. Mwingine anatazama picha na kusema huyu ana uso wa mlevi. Lakini walio wengi wanatazama kitu kimoja tu: huyu kaja mlangoni kwangu na nani? Mgeni akija peke yake unamsikiliza akiwa amesimama, na sufuria lako unaendelea kulikoroga. Akiletwa na mtu unayemjua, unamtolea kigoda. Hata posa hujipeleki mwenyewe. Ukijipeleka, wakwe watauliza, huyu hana watu?

Mdogo wangu alilijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana alikuja kwangu Jumapili moja baada ya ibada, amevaa koti lake la kijivu.

"Kaka, nimechukua fomu ya uenyekiti."

"Nimesikia kwa kinyozi."

"Nilitaka uisikie kwangu."

"Basi kinyozi ana mbio kuliko wewe."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaweka kikombe chini.

"Kaka, watu hawa hawanijui. Wewe wanakujua, nusu yao wanalala kwenye vyumba vyako. Nizungushe. Jioni tatu tu. Wala usihutubie. Wewe bisha hodi, sema huyu ni mdogo wangu, mengine niachie mimi."

Hapo lazima niseme kilichokuwa kimenikaa kooni. Wiki kama tano kabla, kwenye mkutano wa mtaa, nilikuwa nimesimama kuzungumzia mfereji. Nikasema sheria inatukataza kitu fulani. Mdogo wangu akanyoosha mkono kama yuko darasani, akasema, "Kaka amekosea kidogo, sheria haisemi hivyo." Akaeleza inavyosema. Watu wakacheka. Mpangaji wangu mmoja akaguna, "Mwalimu kamsahihisha mzee!" Nikakaa chini. Yeye hakuona kitu. Miaka thelathini anasahihisha watoto wa watu, mkono umezoea. Mimi sikulala vizuri siku nyingi.

Kwa hiyo nilimjibu hivi, na maneno haya nimeyarudia peke yangu mara nyingi mno:

"Una vyeti. Vitangulize vyeti vikubishie hodi."

"Kaka, unatania."

"Mimi wa darasa la tatu nitakuharibia. Nitakosea sheria."

Akanitazama. Nadhani ndipo alipokumbuka ule mkutano, kwa maana uso ulimbadilika. Akamaliza chai yake polepole, akasema, "Haya kaka. Asante kwa chai."

Jioni tatu zile nilikaa barazani nikamwona akizunguka peke yake. Nilisikia hodi yake. Ana hodi ya kistaarabu, mbili halafu anangoja. Wanawake walimjibu bila kusimama. Nyumba ya tatu kutoka kwangu alisimama mlangoni akiongea na mgongo wa mtu anayekaanga samaki.

Mpinzani wake naye alikuwa mgeni, tena mgeni zaidi, mfanyabiashara wa mahindi aliyehamia juzijuzi. Lakini yeye alizungushwa. Mbele alikwenda mwenye bucha, nyuma mzee wa kanisa, pembeni mkubwa wa bodaboda wa kijiweni petu. Kila nyumba walitolewa viti. Mwenye bucha ana mdomo. Nilimsikia akiwaambia wanawake bombani:

"Mkimchagua mwalimu, mtakuja kuchukua barua awaambie rudini mkaoge kwanza!"

Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Mmoja akanigeukia mimi niliyekuwa napita. "Baba mwenye nyumba, mwalimu huyu si mdogo wako?"

"Macho mnayo," nikasema, nikapita.

Mke wangu alinisikia. Alinisema jikoni. "Wewe mwanamume una nini? Mtoto umemlea mwenyewe, leo unamwacha azunguke kama muuza mitumba. Ondoka, mfuate."

"Ataniomba tena."

"Na asipoomba?"

"Ataomba."

Hakuomba. Sijui kwa nini nilifikiri ataomba. Mimi mwenyewe nisingeomba mara mbili, na yeye ni damu yangu.

Siku ya kupiga kura niliwahi foleni. Kwenye kituturi, pale unapojificha kuweka alama, nilitafuta jina lake. Kusoma kunanichukua muda, lakini lile jina la mwisho ni la baba yetu, nalitambua kama ninavyotambua mlango wangu. Nikaweka alama ya vema, nikaikoleza. Nikakunja karatasi nikatoka na kifua mbele. Niliona nimemaliza kazi. Nimemwadhibu kidogo barazani, nimemsamehe kwenye sanduku. Nilipanga akishinda nimwambie, tucheke.

Matokeo yalibandikwa jioni ileile, jua bado lipo. Alishindwa kwa kura kumi na tisa.

Kumi na tisa. Vyumba vyangu peke yake vina wapiga kura zaidi ya hao.

Kesho yake alikuja mpangaji wangu mmoja, mama anayeuza nyanya, kuomba nimtengenezee kitasa. Nikamuuliza, hivi tu, kama mtu anayeuliza hali ya mvua, alimchagua nani. Akageukia nyanya zake. Nikamwambia sema tu, sikufukuzi.

"Baba, nisamehe. Mwalimu alikuja kwangu akaongea vizuri. Mimi sikumjua vizuri, nikasema ngoja nimtazame baba mwenye nyumba. Nikakuona umekaa tu. Nikasema, kama ndugu wa damu hasimami naye, labda kuna jambo analijua. Labda alimdhulumu. Mimi mpangaji nitasimama kama nani?"

"Hakunidhulumu kitu."

"Sasa mbona ulikaa?"

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Nilitengeneza kile kitasa vibaya, baadaye ilibidi niite fundi.

Nikaja kujua kwamba haikuwa yeye peke yake. Chumba namba mbili walitazama baraza langu. Chumba namba nane walitazama baraza langu. Miaka yote nilitaka watu wa mtaa huu wanitazame mimi kabla ya kuamua jambo. Walinitazama.

Nilimfuata mdogo wangu kwake. Alikuwa anafunga vitabu kwenye boksi, sikuuliza vya nini. Nikasema, "Mimi nilikupa kura. Naapa kwa mama."

"Naamini, kaka."

"Kweli nilikupa."

"Nimesema naamini." Akaendelea kufunga kamba. "Lakini kura sikukuomba. Hiyo hata mgeni angenipa. Nilikuomba utembee na mimi."

Nilitaka kumwambia habari ya ule mkutano, ya kile kicheko, ya daftari, ya baiskeli. Yote yalinijia kwa pamoja nikaona hakuna hata moja la kusema mbele ya mtu aliyeinama anafunga boksi. Nikasema, "Utagombea tena."

"Hapana, kaka. Watu wangu hawapo hapa."

Miezi miwili baadaye alihamia Itumba kwa wakwe zake. Nyumba akaipangisha. Hakuja kuaga mwenyewe, alimtuma mkewe, na shemeji yangu alisimama mlangoni akasema wanaondoka, machozi yanamtoka, akakataa kuingia.

Mwaka jana nilimfuata. Nilipanda hiace hadi Itumba, goti likilia kila kona ya mlima. Nilimkuta anapalilia maharage. Aliniona kwa mbali, akaegemeza jembe, akaja akanawa mikono kabla ya kunishika.

"Karibu mzee."

Tangu aanze kuongea hakuwahi kuniita hivyo. Akanitolea kiti kizuri, kile cha wageni, chenye kitambaa. Mkewe akapika kuku. Walinitendea mema yote ambayo mtu humtendea mgeni.

Nikamwambia, "Nilikosea mimi."

"Yameisha, mzee."

"Usiniite mzee."

"Nikuite nani sasa, na wewe umezeeka?" Akatabasamu, akanimiminia chai.

Akapita jirani yake na mbuzi, akasalimia kutoka njiani. "Mwalimu, una ugeni leo!"

"Nina mgeni," akajibu.

Nikangoja aendelee. Neno lilikuwa moja tu. Jirani naye alisimama kidogo, kama anayengoja kutambulishwa. Mdogo wangu akamuuliza habari za mbuzi. Ningeweza kusema mwenyewe, mimi ni kaka yake, nimemsomesha huyu. Mdomo ninao, na umewahi kusema makubwa kuliko hayo. Ulikataa. Yule jirani akaaga akaenda zake, na mpaka leo hanijui.

Niliondoka na hiace ya mchana. Alinisindikiza mpaka stendi, akanibebea mfuko wa maharage, akanichagulia kiti cha dirishani. Tangu hapo nikimpigia simu anapokea. Ananiuliza afya, namuuliza mvua. Hatujagombana tena hata mara moja.

Leo nina miaka sitini na zaidi. Nina nyumba ninayokaa, ya matofali ya kuchoma, bati jipya. Nina vyumba kumi na vinne vya kupangisha, viwili vitupu kwa sasa. Nina kisima chenye pampu. Nina ekari nne za kahawa na mahindi kule Mbozi. Nina ng'ombe watatu, pikipiki moja, mashine ya kusaga inayosumbua mkanda. Nina mke mmoja, watoto watano walio hai, wajukuu kumi na mmoja. Ndugu wa tumbo moja ninaye mmoja. Yuko Itumba.