Riwaya za Jazi Tulizoazimisha Kismayo

Siku yangu ya kwanza katika maktaba ya Kismayo, Mkutubi Mkuu alinipa kitambaa cha kufutia vumbi na riwaya moja ya Kiingereza. Ilimhusu mpiga tarumbeta wa jazi, ule muziki wa Wamarekani weusi ambao mpigaji huutunga papo hapo jukwaani.

"Isome kwanza," alisema. "Hapa hatuazimishi kitabu tusichokijua."

Nilipoirudisha nikamwambia muziki wake ni mtamu. Akatikisa kichwa. "Karatasi haitoi sauti, binti yangu. Mwandishi mbaya atakwambia muziki ulikuwa mtamu. Hodari atakuonyesha mdomo wa mpigaji unavyouma, na wenzake wanavyomngoja aingie." Kwa kipimo hicho tulichagua riwaya zetu za jazi. Zilizopita zilikuwa chache.

Msomaji mkubwa wa ile ya mpiga tarumbeta alikuwa Omari, Mbajuni mwenzangu wa kisiwa cha Chovai, aliyepiga tarumbeta katika bendi ya hoteli. Alisoma polepole, vidole vikibonyeza ukingo wa meza. Ile riwaya aliiazima mara nyingi hata nikaacha kuirudisha rafuni.

Vita vilipoingia mjini, maktaba iliporwa. Mkutubi Mkuu alisimama mlangoni kuwasihi waporaji wasichome vitabu, wakamuua palepale. Mimi nilifika Kenya na riwaya ile ndani ya furushi la nguo. Omari alikamatwa njiani na wenye bunduki, tarumbeta mkononi. Walimpiga usoni kwa kitako cha bunduki. Nilipomkuta kambini hakuwa na meno ya mbele, mdomo ulikuwa umeungwa vibaya, na macho hayakuona tena maandishi.

Pale kambini, Msimamizi wa Elimu alinipa chumba cha vitabu nikiangalie. Omari akaja asubuhi moja.

"Dada Mwanaisha, kile kitabu unacho?"

"Ninacho."

"Nisomee."

Nikamsomea siku baada ya siku, nikikigeuza kwa Kibajuni. Tulipokaribia pale mpiga tarumbeta anapotoka hospitali alikotibiwa mdomo uliovunjwa, na kupanda tena jukwaani, nilisita. Omari alikijua kitabu kuliko mimi.

"Usiruke," alisema.

Nikasoma yote: midomo ikitetemeka, pumzi ikikataa, kisha ikikubali. Vidole vya Omari vilikuwa vimelala mapajani.

"Mchu aliyekiandika hiki anajua," alisema mwishowe. "Ndiyo maana siwezi kuendelea kusikiliza. Funga, dada."

Hakurudi tena chumbani kwangu. Tulikutana kwenye foleni ya maji, tukaulizana hali za jamaa, basi. Alifariki kambini, na nyumba yake ilikuwa mbali na nyumba yangu; habari nilizipata maziko yameshapita.

Sasa nimestaafu, niko Mombasa. Wakutubi vijana huniuliza vitabu vizuri huwafanyia nini watu waliopoteza kila kitu. Hutaraji niseme vinafariji. Mimi huwasimulia habari za Omari. Nilikuwa na kitabu kizuri, na msomaji aliyekielewa kuliko yeyote niliyemjua, na sauti ya kumsomea. Havikumtosha.